Nashuka Ruvuma

Dada Rehema, shikamoo.

Nina hasira hadi pweza wa Shangani hapiti kooni! Nilipanga kuteremka mto kwa boti, siku nne mpaka baharini. Nikampigia simu Chande, ambaye watu waliapa anaujua mto: "Ijumaa nataka kushuka Ruvuma." Akanijibu, "Ondoa shaka, kaka. Kila siku nashusha watu." Nikanunua unga, dagaa na jaketi okozi.

Leo kaja na bodaboda!

"Boti iko wapi?"

"Boti ya nini? Si ulisema unashuka Ruvuma? Nakushusha pale pale kivukoni."

Eti kosa langu! Mtaa mzima wa Rahaleo ukanicheka, na jaketi nimeshalivaa. Nikapanda kwa hasira, na kweli akanishusha.

Nibusie watoto. Mama, anayeniombea nisiliwe na mamba, mwambie nimeshuka Ruvuma salama. Si uongo.

Mdogo wako, Hamisi