Nakala ya Kijani

Jumanne, 30 Septemba 2025

Stima imepotea tangu saa nne. Mashine zote mbili zimelala. Nimekaa hapa kwa kaunta, miguu imevimba, nikasoma kitu ambacho hakifai kusomwa na mtu mwenye njaa.

Mugendi ametuma dibaji kwa wasapu. Si kwangu — kwa kundi la wapenzi wa michezo ya mezani. Amesahau kwamba mimi bado nimo. Ni dibaji ya toleo la tatu la Chini ya Bwawa. Jalada gumu, herufi za dhahabu, nakala mia tatu, kila moja na namba na sahihi yake. Ati Toleo la Wakusanyaji. Na ndani, historia ya kitabu tangu mwanzo, kurasa nne. Nimezisoma mara mbili nikijitafuta. Simo!

2013 Mugendi alikuwa mwalimu wa historia kule Kanja, akija hapa Embu dukani kwangu kuchapa mitihani. Alikuwa na mchezo kichwani. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mhusika wake, wote wakazi wa kijiji kilichofunikwa na maji ya bwawa, wanatoka kudai vitu vyao. Hadithi alikuwa nayo, tena tamu. Mchezo hakuwa nao. Mtu akijaribu kuvunja mlango, afaulu mara ngapi? Hakujua. Dadu zile za pembe nyingi za ng'ambo, nani alikuwa nazo Embu? Mimi ndiye nilisema: visoda, vile vifuniko vya chupa za soda.

Nilirusha visoda hapa kaunta hadi wateja wakadhani nimeingiwa na kitu. Kisoda huanguka meno juu mara sita kwa kumi, si tano! Nikachora jedwali zote. Vitano vyote meno juu, karibu nane kwa mia — muujiza. Vyote meno chini, mara moja kwa mia — maafa. Sasa bwana anaandika: "Nilirusha visoda hivyo mwenyewe, peke yangu, nyumbani Kanja." Mwongo. Kisoda anakijua cha kufungua tu.

Na hii nayo: "Nakala ishirini za jalada la kijani zilitengwa kwa marafiki wa karibu wa mwandishi." Manila ya njano, karatasi ngumu ya majalada, iliisha! Ndiyo historia yote hiyo. Tulitoa arobaini na nane, njano ikaishia ya ishirini na nane, nikavuta kijani kwa rafu. Leo wakusanyaji wanaitafuta kijani kama dawa.

Stima haijarudi.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimempigia. "Mama Mwenda! Umepotea wewe!" Kicheko kirefu. Nikamuuliza jina langu liko wapi. Akasema sista, wewe ulikuwa printa. Mtu akijenga nyumba anaandika ukutani jina la duka la simiti?

Nikamwambia afungue ukurasa wa tatu, toleo la kwanza. Hadithi: Mugendi Njagi. Kanuni za bahati na jedwali: Joyline Kananu. Nilipanga herufi hizo mwenyewe na yeye amesimama hapo anakula karanga.

Akauliza polepole: "Kwani uko na hiyo nakala?"

Alivyouliza, nikajua yeye hana.

Toleo la pili, 2017, alichapia Nairobi. Akatoa visoda akaweka dadu, akatoa na jina langu. Jedwali akaziacha vilevile! Namba za kisoda kwa dadu: kisoda kina pande mbili, dadu pande nyingi, maafa hayaji tena. Ndiyo sababu wachezaji wa toleo la pili wanalalamika kwamba hakuna mtu anakufa. Sikusema neno. Mwanangu Mwenda alikuwa anaingia kidato cha kwanza, nilikuwa na mengine ya kupigania.

Nimempigia pia Eunice Wambeti. Huyu ni mwanamke wa Nairobi anayekusanya habari za kila mchezo wa mezani uliochapwa nchini: toleo, mwaka, karatasi, hata aina ya pini. Kampuni inayotoa toleo la tatu imempa kazi ya kuhakiki ile historia. Sauti kavu. "Mama, mimi naandika nilichoshika kwa mkono. Nilichoambiwa siandiki." Anasema nakala za kwanza zinazojulikana ni mbili, zote ng'ambo, na zote kurasa za mbele zimeng'oka. Pini nilizotumia zilikuwa fupi, hilo ni kosa langu. Nakala za wanafunzi wa Kanja zililiwa na mchwa au ziliwasha moto. Historia inaenda kwa mtambo Jumatatu tarehe 13. Akiona ukurasa wa tatu kabla ya hapo, ninaingia. Asipouona, dibaji inabaki ilivyo.

Basi. Ninayo moja. Kijani, safi, ndani ya nailoni, kwenye sanduku la bati la mama, nyumbani Mitunguu. Niliipeleka huko mwaka duka lilipoingia maji.

Jumamosi ninaenda.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sanduku tupu! Si tupu — mablanketi, picha za marehemu baba, shuka ya harusi ya mtu. Kitabu hakuna.

Mama yuko jikoni anamenya ndizi. "Kitabu kipi?" Cha kijani, mama. "Aa, kile. Kile nilikitoa."

Alikitoa wapi? Kanisani. Jumapili ya mavuno, mwaka juzi. Upepo ulikuwa umelaza migomba yote, kuku walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, na yeye hawezi kupita mbele madhabahuni mikono mitupu watu wakimwangalia. Akafungua sanduku, akaona kitu kisafi ndani ya nailoni. "Nilimpa Mungu kitu kizuri. Ulitaka nimpe kibaya?" Kikapigwa mnada baada ya ibada, pamoja na mayai na nduma. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Wewe ulikuwa hujakisoma miaka mingapi? Kilikuwa kimekaa tu."

Nilikaa juu ya sanduku. Sikuwa na nguvu ya kugombana na mtu aliyemtolea Mungu kazi yangu.

Alikinunua mzee Kaimenyi wa ndizi. Nikaenda, jua la Mitunguu linachoma utosi. Nikamkuta kwenye valvu ya maji ya shamba na mkewe Ciakuthii na majirani wawili, wanangoja zamu yao ya maji ifike. Chini kuna gunia, juu ya gunia visoda vitano. Wanacheza! Wanacheza mchezo wangu, alasiri, katikati ya migomba. Kila wakingoja zamu wanacheza, mwaka wa pili huu. Ciakuthii akanichekea: mimi nimekufa mara mbili tu, mwari wangu, huyu mzee amekufa saba. Hajui kurusha. Kaimenyi akasema visoda vinamwonea kwa sababu yeye ni mwenyekiti wa maji.

Kitabu amekijalidi kwa karatasi ya kalenda, gundi ya unga wa ngano, vile tulijalidi vitabu vya shule. Jalada la kijani limefunikwa kabisa. Pembeni kumeandikwa kwa kalamu kila aliyekufa na alikufaje. Mkusanyaji akikiona atalia machozi. Lakini ukurasa wa tatu upo. Herufi zangu zipo. Nikaupiga picha, nikamtumia Eunice.

Nikaomba kukinunua. Kaimenyi akavua kofia. "Hapana, Mama Mwenda. Mimi nilikinunua mbele ya Mungu. Siwezi kukuuzia huku kwa migomba kama mtu ameiba." Akasema atakitoa sadaka, si kesho, Jumapili ile nyingine, kipigwe mnada upya. "Wewe uje ukinunue kama watu." Kukiazima je? Akasema hicho nacho ni kununua bila kulipa. Ciakuthii akamwambia mzee, huyu ndiye alikitengeneza, jina lake si hili hapa? Akajibu hata mkulima huinunua ndizi yake mnadani.

Huwezi kubishana na mzee wa kanisa ambaye anakutakia mema.

Jumatatu, 6 Oktoba

Eunice amejibu. Picha ni safi, anashukuru. Lakini alimwonyesha Mugendi, kwa haki, na Mugendi amesema: Mama Mwenda ana duka la kuchapa. Ukurasa kama huo anaweza kuutoa asubuhi kabla ya chai.

Miaka kumi na miwili nilikuwa "printa tu". Leo uprinta wangu unatosha kughushi!

Eunice anataka kukishika kitabu chenyewe. Aone kutu ya pini imeingia karatasini, aone ukurasa wa tatu umezaliwa pamoja na wenzake. Atakuja Mitunguu Jumapili. Nikamwambia ibada inaisha saa sita, mnada hapo hapo. Akasema atafika. Na Mugendi anajua, kwa sababu Eunice hafichi kitu. Mtu mwaminifu anachosha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mitihani ya shule tatu leo. Fotokopi hadi giza. Drami, ile silinda ya ndani ya mashine kubwa, inaacha mstari mweusi kila ukurasa. Pesa ya drami mpya nimeitoa kwa chama chetu cha akiba, imo kwenye bahasha. Nimeiangalia bahasha. Nikaangalia drami.

Nalala.

Jumapili, 12 Oktoba

Niko katika chumba cha watoto cha kanisa, mlango umerudishwa. Ninaandika haraka. Kitabu kiko mapajani.

Mugendi alikuja mapema kuliko pasta. Shati jeupe, gari limeoshwa. Alimsalimia mama kwa mikono miwili, akamletea sukari na mafuta. Nikamwona pia akiwa na pasta nje ya chumba hiki hiki, wanaangalia juu, pale paa lilipotoboka. Mkono wake unapima mabati hewani. Nikaelewa kuna kitu. Sikuelewa ni kipi.

Saa sita Eunice hajafika. Simu: gurudumu limetoboka Nkubu, anatafuta mtu wa kuziba.

Mnada ukaanza. Kiunga ndiye hunadi, sauti yake haihitaji spika. Jogoo. Mkungu wa ndizi. Trei ya mayai, ikanunuliwa ikarudishwa ikanunuliwa tena. Kisha: "Kitabu! Kimesomwa, kimejaribiwa, mchwa wamekikataa! Mzee Kaimenyi amekufa humu mara saba na bado anatoa sadaka!" Kanisa zima likacheka. "Nani ananianzia na hamsini?"

Mugendi akasema elfu mbili. Kicheko kikakatika. Watu waligeuka kuangalia ni kitabu gani hicho.

Nikapanda. Akapanda. Nikapanda. Hata Ciakuthii alishika mdomo. Nilipotaja bei ya drami — yote, hadi shilingi ya mwisho ya bahasha — Mugendi hakupanda tena. Akatabasamu. Kiunga akahesabu, moja, mbili, tatu, akanipa kitabu mkononi. Nilikishika. Kizito kuliko nilivyokiacha, ile kalenda na gundi. Nikadhani nimeshinda. Nilidhani hivyo kwa muda wa kupumua mara moja.

Akasimama. "Bwana asifiwe!" Asifiwe. "Mama Mwenda ametoka Embu, ametubariki. Bei kama hiyo mtu hajinunulii. Si ameamua kumnunulia pasta wetu?"

Vigelegele! Akina mama wote wamesimama, leso juu. Ndiyo desturi yetu, ninaijua, nimewapigia makofi wengine. Kitu kikifika bei ya kushangaza, mnunuzi anampa pasta, na hakuna aliyewahi kusema hapana akaja tena kanisani kwetu. Na pasta, mtu mzuri ambaye hajui kukataa, atapewa mabati, halafu aombwe kijitabu kizee cha ukumbusho. Atakitoa kabla hajaketi. Kitaondoka kwenye lile gari lililooshwa. Eunice atafika akute migomba.

Pasta alikuwa ameshanyoosha mikono. Nikasema ngoja, pasta, nikifunge vizuri, siwezi kukupa zawadi uchi. Wakacheka, wakaona ni heshima. Nikaingia huku.

Wembe ninao kwenye mkoba, siku zote. Nimefungua ukurasa wa tatu. Nikiukata, ni karatasi moja imetoka kwa mtu mwenye duka la kuchapa. Hauna maana bila wenzake. Nimeurudisha wembe.

Nje wanapiga makofi taratibu, yale ya kumngoja mtu. Namsikia Mugendi akiuliza kwa sauti, kwa mzaha: "Mama Mwenda, karatasi imeisha?" Wanacheka.

Mlango umefunguka. Ni mama. Ameangalia kitabu, akaniangalia mimi. Hakukaa.

"Huyo mwanamke wako yuko wapi?"

Ameandika kwamba ametoka Nkubu sasa hivi, mama. Yuko njiani.

"Jina lako limo humo kweli?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma hadi darasa la tatu tu, akafuata herufi moja moja, midomo inatembea. Kananu. Amelifikia. Amefunga leso upya, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

Sasa namsikia. Ameanzisha wimbo, peke yake, juu ya makofi yao. Ule mrefu wa akina mama, wa beti sita na kiitikio. Wamemwitikia — wataacha kuitikia vipi? Mama wa miaka sabini na nane akiimba, pasta hamkatizi, na mgeni aliyeleta sukari lazima naye apige makofi.

Beti sita zimeisha. Kiitikio mara mbili. Pasta amesema "Amina," amevuta pumzi ya kuzungumza —

Mama amerudi ubeti wa kwanza.