Aliyenitwisha Debe Baada Yako

Somoe, mwenzangu,

Usinicheke mwandiko. Nimejifunza kuandika mwaka huu, kwenye kisomo cha watu wazima, katika shule ambayo ina paa lakini kuta bado. Mwalimu alituambia kila mmoja amwandikie barua mtu wake wa mbali. Wenzangu wakawaandikia watoto wao walioko Mtwara mjini na Dar es Salaam. Mimi sina mtu wa mbali kuliko wewe.

Nikupe habari za huku. Mikorosho tuliyoiacha kule kwetu, tulipohamishiwa hapa barabarani, imemezwa na magugu mpaka njia haionekani tena. Mama yako yupo, magoti yanamsumbua. Binti yako Asha amekua, meno ya mbele yameng'oka na anasema kwa kitembe. Maji ya kisima bado yana chumvi.

Nakumbuka tulivyokuwa tukienda kisimani mimi na wewe. Tulianza kulalamika mlangoni pako na tukaendelea mpaka tunarudi. Tulililalamikia jua, wakwe zetu, balozi wa nyumba kumi, muhogo uliooza, nyumba hizi zilizopangwa mstari kama watoto wa shule wanaongoja kuchapwa. Hayo ya watoto wa shule uliyasema wewe, siku ya kwanza tulipofika, na nilicheka huku machozi yananitoka. Lakini zaidi tuliwalalamikia watu wa ng'ambo ya Ruvuma, waliokimbia vita wakapewa viwanja upande wa chini wa kijiji. Tulisema wanatumalizia maji. Tukishachota, unanitwisha debe langu, halafu unajitwisha lako mwenyewe, maana ulinizidi nguvu, na maneno yanaendelea pale pale yalipoishia.

Kisha miguu yako ikavimba. Hospitalini walisema ni moyo, wakakupa vidonge, wakakurudisha. Ukalazwa kwa mama yako, chumba chenye kidirisha kinachotazama ukuta wa jiko. Nilikuwa nakuja kila jioni, na malalamiko yangu yameongezeka maradufu kwa sababu sasa nilikuwa nayabeba peke yangu.

Siku moja ukanikata katikati. "Hadija, hayo yote nayajua. Nashinda nayo humu ndani kutwa. Kesho niletee kitu ulichokiona njiani. Kimoja tu."

Nilikasirika. Nikakuuliza njia ile ina nini cha kuona. Ukageukia ukutani.

Kesho yake nilikwenda nimenuna, natafuta kitu chochote nikuletee yaishe. Nikaona nguzo moja ya ua wa balozi imechipua majani. Nikakuambia. Nilidhani umeridhika, kumbe ndiyo kwanza umeanza. Yamechipua juu au chini? Rangi gani? Kuna mdudu? Sikujua hata moja. Ikabidi siku ya pili nisimame mbele ya nguzo ile, debe mkononi, watu wananitazama.

Basi ikawa hivyo. Nikakuletea harufu ya maua ya mikorosho asubuhi kabla jua halijaikausha. Nikakuletea mwanamke aliyekuwa akimbembeleza mbuzi anyonyeshe mtoto asiye wake. Nikakuletea mvua ya kwanza, ilivyonyesha upande mmoja wa barabara na kuacha mwingine mkavu. Ulikuwa unafumba macho unasikiliza, unauliza mpaka naishiwa. Na mimi nilianza kufika kisimani bila kuliwaza jua. Jua lilikuwepo, na shingo iliuma vile vile.

Ndipo ukaniuliza, "Na debe, nani anakutwisha siku hizi?"

Nilifungua mdomo sikuwa na jina. Nilijua mikono tu. Kila siku kulikuwa na mikono inayoinua debe langu na kuliweka juu ya ngata, na kila siku nilikuwa nimeshaanza kulalamika kabla halijatulia kichwani. Hukunisema. Uliniambia, "Kesho mtazame."

Nikamtazama. Ni mwanamke wa ng'ambo, ana chale za kwao usoni, na kidole chake kimoja hakikunjiki. Debe lake lilikuwa limejaa zamani, lakini hakuondoka, alikuwa ananingoja mimi. Nikamuuliza jina, akasema Rosa. Nikamuuliza kwa nini ananingoja. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Nilikuwa nakuona na mwenzio. Halafu nikakuona peke yako. Mimi huku nilikuja peke yangu."

Nilikuja mbio kukusimulia. Ukauliza, "Umemshukuru?" Nikasema nitamshukuru kesho.

Kesho ile ulikufa, Somoe, alfajiri, kabla sijatoka kwenda kisimani.

Sikumshukuru. Nilirudi kwenye yale yale, na vibaya zaidi. Nililalamikia maji ya kukuoshea, nikawalalamikia waliochelewa mazishini, nikalalamikia wali wa arobaini yako. Nilimlalamikia hata mama yako kwamba halii vya kutosha. Wanawake wakaanza kuniachia nafasi kwenye foleni, hawataki kusimama karibu. Mume wangu Mfaume, na unajua alivyo mtu wa maneno machache, aliniambia, "Tangu Somoe aondoke unazungumza na ukuta." Na kweli. Nitazame nini, na nani ataniuliza majani yana rangi gani? Rosa aliendelea kunitwisha. Sikumtazama tena. Mvua zikaja zikaisha.

Mwaka huu ng'ambo wamepata uhuru wao. Tulisikia kwenye redio, lakini nilikuwa sijafikiri kwamba maana yake watu watarudi kwao. Siku moja nilichota, nikasimama na debe langu limejaa, nangoja. Nikangoja mpaka mtu akaniambia, "Wa ng'ambo wanaondoka leo. Lori liko kule chini."

Nikaliacha debe hapo hapo, nikakimbia. Nilimkuta Rosa amekaa juu ya mzigo wake, anangoja kupanda wapelekwe Kilambo wakavuke mto. Nilikuwa nahema. Maneno yote niliyonayo, Somoe, mimi ninayeongea tangu mlangoni mpaka kisimani, yalinipotea. Nikasema tu, "Rosa, asante kwa kunitwisha."

Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Wa huko juu, ni wewe tu umekuja kuniaga." Halafu akaniuliza, "Sasa nani atakutwisha?" Tulishikana mikono mpaka wakamwita. Lori lilipoondoka vumbi lilikaa hewani, nami nikasimama ndani yake.

Niliporudi kisimani debe langu lilikuwa limesogezwa pembeni. Bi Sharifa, aliyekuwa kwenye foleni, akanitwisha. Nilimgeukia nikamtazama usoni, nikamwambia asante. Akashtuka, akafikiri namkejeli.

Sikudanganyi kwamba nimepona. Malalamiko bado yanakuja, ila sasa nayasikia yakiwa yanatoka, na mara nyingine nayakamata nusu. Kila jioni nafika kwa mama yako, nakaa kwenye kile chumba, nasema kitu kimoja nilichokiona. Hakuna anayeuliza swali. Siku nyingine sikuona kitu, nasema maji yalikuwepo, na Bi Sharifa alikuwepo. Halafu naondoka, kwa sababu chumba kinanielemea.

Asha ameanza kuuliza habari zako. Watu wanamwambia mama yake alikuwa mvumilivu, hakuwahi kunung'unika. Nakuahidi mimi nitamwambia kweli. Nitamwambia kijiji kizima hakuna aliyekushinda kwa kunung'unika, na kwamba uliacha ukiwa huwezi hata kusimama, na kwamba kuacha kulikuwa kazi, nilikuona ukiifanya.

Pumzika, Somoe. Mungu akufanyie wepesi huko uliko.

Mwenzako,
Hadija