Kwa Baba, Kuhusu Mkandaji wa Mkate

Baba,

Naanza kwa kuomba radhi kwa sheikh wetu aliyetusomea dua, kwa baba wakubwa na mashangazi waliotoka Ubungo, kwa mjane wako Bi Zaituni aliyetoka eda juzi, na kwa wadogo zangu. Kwanza sitasema nao. Nitasema na wewe, wao wasikilize.

Tangu utuache, darasa lako la Kiingereza barazani limefungwa. Ubao nimeufunika kanga. Hakuna tena anayepita akiita, "Shikamoo, Mzungu wa Kipawa!" Na lipo jambo ambalo ningependa usilijue. Mwanao Idrisa amepata mtu wa kuinunua nyumba hii. "Dada, Bi Zaituni hakutuzaa," ameniambia. "Tumpe fungu lake la mirathi, arudi kwao Lindi." Hana roho mbaya, Baba. Amechoka kupanga nyumba za watu, na watoto wake wanakua.

Maneno yake yamenirudisha kwenye asubuhi zetu. Ulikuwa ukimwita Bi Zaituni "ledi wangu", nasi tunacheka. Siku moja ukatueleza kwamba Waingereza wa kale walimwita mkuu wa nyumba mlinzi wa mkate, na kwamba jina hilo, kwa kutamkwa vizazi na vizazi, lilisagika likabaki "lord". Mkewe alikuwa mkandaji wa mkate. Huyo ndiye "lady". Na waliotunzwa chini ya paa lao waliitwa walaji wa mkate, ila neno hilo lilikufa zamani. Ndege ikapita juu yetu, ukaingoja ipite, kisha ukasema, "Mmeona, wanangu? Yule mkubwa alipewa jina kwa kazi ya kulinda."

Bi Zaituni, unga umempanda hadi viwikoni, akakujibu, "Mlinzi gani wewe? Paka kaondoka na samaki, uko na Waingereza wako!" Ulicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye chai.

Sisi ndio tulikuwa walaji, Baba. Mama alipofariki, Idrisa hakuwa na jino hata moja. Bi Zaituni alimlowekea mkate kwenye maziwa, akamlisha kwa kidole. Mimi niliona. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na… basi. Wewe unajua.

Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi kwamba mama huyu hatabisha hodi kwa mtu akiwa mzee.

Sasa nawageukia mliopo. Mimi, kifungua mimba wa marehemu, pamoja na wadogo zangu wawili wa kike, tumekubaliana: mafungu yetu hayauzwi, na nyumba hii itakaliwa na Bi Zaituni maisha yake yote. Sheikh atayaandika makubaliano hayo hapa hapa, mbele yenu mashahidi, na kila mrithi aliyeridhia atatia saini.

Idrisa, mdogo wangu, kalamu inaanzia kwako.