Jembe la Baba Halijatua

Mwangaluka dada Kabula,

Nyama ya Bariadi tamu, ila leo nimeila kwa hasira. Kwenye banda la video walionyesha filamu inayohusu mwongozaji mmoja maarufu aliyekufa huku filamu zake hazijaisha wala kuonekana. Vikaja vipande vya filamu hizo, kumbe vingine alivipiga huku kwetu, mara namwona marehemu baba pale Ngulyati, anacheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, anarusha jembe juu. Mwenye deki akaikimbiza kanda mbele.

"Hapa hakuna ngumi," anasema, mjinga yule.

"Mrudishe baba yangu, au ngumi utaziona bila deki."

Unanijua, Bariadi nzima hakuna wa kunikabili. Akamrudisha. Jembe halijatua, kipande kikakatika. Kanda nimemnyang'anya, naileta nyumbani. Azima deki, na mama avae ile kanga aliyonunuliwa na baba.

Mdogo wako mtanashati,
Masanja