Kwa Kaka Damasi, Kuhusu Raba za Breki

Kaka Damasi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siiulizi, na yangu utaijua ukifika mwisho. Mimi ni Generoza, mdogo wako, yule uliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa shule huku watoto wa darasa la tatu wakishangilia kila nilipoanguka. Nimekaa miaka mitatu bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na jambo moja tu la kukuambia, na jambo lenyewe ni la aibu.

Kwanza habari za huku. Vita viliisha. Mgambo wenzako wa kambini walirudi, wengi wao wazima, wakapokewa kwa ngoma na pombe ya ndizi, na mimi nilikwenda kuwapokea kama wengine, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Shule yetu bado inavuja palepale, juu ya ubao wa darasa la tano. Duka la kijiji lina mlango, lina kufuli na lina muuzaji, bidhaa tu ndizo hakuna. Mwalimu mkuu mpya hapendi mwalimu wa kike aje shuleni kwa baiskeli, anasema inawavuruga wanafunzi. Anajisumbua bure. Tangu ufe sijapanda baiskeli.

Nazikumbuka likizo zetu, kaka. Walimu wenzetu likizo ikifika walikwenda kwao kulima, basi. Sisi tulikwenda Kanazi kwa Mama, tukalima na kupalilia migomba wiki mbili, kisha unaanza kuangalia milima. Ulikuwa na ugonjwa huo. Mtu mwingine akiona mlima anafikiria jasho. Wewe ulitaka kujua nyuma yake kuna nini. Mama alikuwa akikuambia, "Nyuma ya mlima kuna mlima mwingine. Kaa ule." Na kweli Ngara ndivyo ilivyo, lakini wewe ulitaka kuuona huo mwingine pia.

Tunafunga blanketi kwenye keria, ndizi za kuchoma, chumvi kwenye karatasi, pampu na gundi ya pancha. Kupanda tunasukuma, na ukinisikia nahema unaimba kwa makusudi ili nikasirike nisahau miguu. Kushuka tulishuka kwa sheria yako. Kileleni kila mtu anateremka, anakata tawi lenye majani mengi, analifunga kwa kamba ya mgomba nyuma ya keria, kisha ndiyo tunashuka huku matawi yanaburuzwa na vumbi linatufuata. "Breki ni ya kusimamia, tawi ndilo la kushukia." Ulinikariria maneno hayo mpaka nikayachukia. Na asiye na breki wala tawi, ulisema, ashuke kwa miguu akisukuma baiskeli, hata kama anachelewa harusi yake mwenyewe.

Watu hawakutuelewa. Kila kijiji swali lilikuwa moja, mnauza nini. Tukisema hatuuzi kitu wanauliza tumefiwa na nani. Tukisema hatukufiwa wanatutazama kwa huruma. Unamkumbuka yule balozi wa nyumba kumi aliyetuona tumekaa juu ya jiwe tunaangalia bonde? Alisimama akatuchunguza, akasema, "Watu wazima wawili, wana mikono, wanatazama majani!" Akatupeleka shamba la kijiji, tukalima matuta ya mihogo mpaka jua likasogea. Mimi nilinuna. Wewe uliimba na kina mama wa pale, jioni tukapewa maharage na mahali pa kulala. Baada ya hapo ukafanya ndiyo desturi yetu, tukifika kijiji kipya unaomba jembe kabla ya kuomba maji. Kuanzia hapo hatukuulizwa tena tunauza nini.

Na siku ya Rusumo. Tulisikia maporomoko kabla ya kuyaona. Uliweka baiskeli chini ukakaa saa nzima bila neno, wewe ambaye hata kanisani hukuweza kunyamaza. Nilipochoka nikakuuliza unafikiria nini. Ukasema, "Sifikirii, Gene. Napumzika." Nilikucheka wakati ule. Sasa najua kwamba sijamwona mtu mwingine akipumzika namna ile.

Kisha vita vikaja.

Magari yalichukuliwa kwenda kaskazini, mafuta ya taa yakaisha, vipuri ndiyo usiseme. Mwaka ule tulijifunza kuficha. Mtu akiwa na mche wa sabuni, mgeni akiingia unawekwa chini ya mto. Chumvi ilifichwa, betri za redio zilifichwa, kiberiti kilifichwa. Ukiulizwa unajibu "imekwisha" kabla hujamaliza kuulizwa. Hatukuwa watu wabaya. Tulizoea tu, ulimi ukawa unajibu wenyewe.

Ulipoitwa kwenye kambi ya mgambo, baiskeli yako ilibaki kwangu. Raba zangu za breki ziliisha. Zako za mbele zilikwisha zamani, lakini za nyuma bado zilikuwa na unene. Nikazifungua nikazifunga kwenye yangu. Nilijiambia nitakurudishia. Pasaka ilikuwa karibu na nilikuwa nimepanga kwenda mpaka Biharamulo peke yangu, kukuonyesha kwamba naweza.

Halafu Mama akamtuma mtu. Ujumbe wenyewe nilikuja kuusikia baadaye, "Mwambieni Damasi asiende vitani kabla sijauona uso wake." Ukapewa ruhusa ya siku moja. Ukafika kwangu asubuhi, manyunyu yanaanguka, ukatoa baiskeli yako ukaijaribu kama kawaida yako. Ukauliza, "Gene, raba zangu ziko wapi?"

Kaka, zilikuwa chini ya paa la nyumba yangu, hatua kumi kutoka uliposimama, kwenye baiskeli yangu niliyoifunika mkeka. Nikasema zimekwisha, nimezitupa.

Nimelitafuta neno lolote la kujitetea kwa miaka mitatu na sikulipata. Sikuwa na chuki na wewe. Nilikuwa nakupenda kuliko mtu yeyote. Niliulizwa kitu, nikasema kimekwisha. Hata kukuambia uchukue baiskeli yangu nzima haikunijia akilini.

Ukasema haidhuru, utafunga tawi. Ukaligusa gurudumu langu chini ya mkeka, bila kuufunua, ukasema tairi langu la nyuma limechoka nisilijaze upepo sana. Ukaondoka.

Na sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniuma zaidi. Ule mlima wa juu ya Kanazi haukuwa na tawi tena. Tangu watu wahamishiwe pale kileleni kando ya barabara, kwa Operesheni ya vijiji, miti ilikatwa, kwanza ya kujengea, kisha ya kupikia, kisha ya kuchomea matofali ya shule. Wewe ulikuwa hujapita huko tangu uingie kambini. Mimi nilikuwa nimepita mwezi mmoja nyuma. Nilijua vimebaki visiki. Nilikuona unaondoka, nikajua, nikanyamaza, kwa sababu ningesema ningelazimika kuzirudisha raba.

Mama mmoja wa pale juu alitueleza siku ya mazishi. Uliomba tawi, akakuonyesha visiki. Ukamwambia jua linakwenda na Mama anakungoja, na kesho asubuhi unatakiwa kambini. Ukapanda, ukaweka soli ya katambuga yako juu ya tairi la mbele iwe ndiyo breki. Tairi lilikuwa limelowa. Alikusikia ukigonga kengele kuwaonya watu wa chini.

Hukuwahi kuivunja sheria yako ila siku ile.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sikusema neno. Na hapo ndipo dhambi yangu ilipozaa nyingine, maana Mama alichukua lawama yote yeye. Alisema, "Nimemwita mwanangu, akafa njiani kwa kuniitikia." Wakamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake kwenye mkeka nimemshika mkono, na nikasema hivyo hivyo. Mapenzi ya Mungu!

Tangu siku ile Mama hakumwita mtu. Sisemi kwa mafumbo, hakumwita kabisa. Kuni zikimshinda, alikaa chini karibu nazo mpaka mtu apite. Jirani akiwa upande wa pili wa ua, Mama alizunguka ua wote amfuate, hakupaza sauti. Watu walidhani ni uzee. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mimi.

Masika haya homa ilimwangusha. Alilala siku sita. Mama Skolastika, jirani yake, alipotaka kunitumia habari, Mama alimshika nguo akamkataza. "Nikimwita naye atakufa." Siku ya saba Mama Skolastika akatuma mtu kwa siri. Nilikuja kwa miguu, nusu siku ya kupanda na kushuka, na kila mlima nilijua kwamba nikikuta amekufa nitakuwa nimewaua wawili.

Nilimkuta hai. Dawa ya zahanati ikamsaidia, uji ukapita, baada ya siku nane akaweza kukaa uani. Nilingoja awe na nguvu. Kusema kweli nilingoja pia kwa woga. Siku ya tisa alikuwa anapukuchua maharage, mimi niko mbele yake, nikamwambia yote. Raba, mkeka, uongo, visiki. Sikulia, kwa sababu niliona nikilia atanibembeleza.

Hakuacha kupukuchua. Aliendelea mpaka maganda yakaisha kwenye ungo, na yalikuwa mengi. Kisha akauliza kitu kimoja, kama zilikuwa kwenye baiskeli yangu wakati unaziuliza. Nikasema ndiyo. Akasimama, akaenda kwenye migomba kwako, akakaa huko mpaka jioni. Sijui alikuambia nini. Wewe unajua.

Jioni hiyo alikula. Sahani nzima, akaongeza. Usiku sikumsikia akigeukageuka. Na juzi, kaka, homa ilimrudia kidogo asubuhi, mimi niko jikoni nawasha moto, nikasikia sauti. Alikuwa anaita. Mama alikuwa anaita kwa nguvu kutoka kitandani, "Mama Skolastika! Njoo!" Mara mbili, kama zamani alivyotuita tukiwa ng'ambo ya bonde. Jirani akaja mbio, ndoo mkononi, na kina mama wawili nyuma yake.

Nilikuwa karibu zaidi. Hakuniita mimi. Nilikaa jikoni nikalia, na mpaka sasa siwezi kukuambia kilikuwa kilio cha nini. Kilikuwa cha shukrani, nadhani. Na cha uchungu, hicho sina shaka nacho.

Hajanisemesha tangu siku ya maharage. Chakula changu anakula, maji ya kuoga nikimpashia anaoga, ila hanitazami. Mama Skolastika ananiambia nivumilie, mzazi hana kinyongo. Mama ana haki ya kinyongo chake, na nafuu akibebe hicho kuliko ule mzigo aliobeba miaka mitatu ambao haukuwa wake.

Basi, Damasi. Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe kabla sijamaliza, nakujua, ungesema haidhuru, na mimi sitaki isidhuru. Nilitaka tu ulisikie jambo hili kwangu, kwa jina lake hasa, kwamba nilikudanganya.

Nakuahidi mawili. Sitalipunguza jambo hili nikilisimulia, kwa Mama wala kwa mtu mwingine. Na sitamwacha Mama. Nimeandika kuomba uhamisho nije kufundisha huku Kanazi, na wakinikatalia nitakuja kila Jumamosi kwa miguu. Pumzika, kaka yangu, pumzika kweli, kama siku ile ya maporomoko.

Asubuhi hii nimepiga goti mlangoni pake nikamwambia, shikamoo Mama. Hakuitikia. Kesho nitapiga goti tena.

Mdogo wako,
Generoza