Ukurasa wa Pili wa Wimbo wa Musau

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rachael Waceke Gathogo
Umri: Miaka 51
Kazi: Mwalimu wa Kiswahili, shule ya upili ya kutwa, Mwiki, Ruiru
Makao: Murera, Juja
Mahali na wakati: Kituo cha polisi, Thika, Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa nne asubuhi, mbele ya Koplo Absalom Njau

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita. Urbanus Musau alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa ana miaka ishirini na minne, anaosha magari hapa Thika na anaimba. Wimbo wake "Mlangoni" unachezwa kila kona. Hata kidato cha tatu wanauimba wakipiga deki.

Mnamo tarehe 10 Julai, saa tatu asubuhi, niliwapa kidato cha tatu wimbo huo wauchambue kama shairi huru, kwa sababu mashairi ya kitabuni yanawalaza. Ubeti ulioleta haya yote ni huu:

Sufuria imefunuliwa, sisi tuko mlangoni,
Mmekula mmeshiba, viti bado mmekalia,
Kesho tunaingia na viatu.

Siku hiyo saa kumi jioni niliandika majibu ya mfano kwa mkono, kurasa mbili, nikazipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Swali la kwanza liliuliza maudhui. Niliandika: "Maandamano ya vijana." Swali la tatu lilihusu mstari wa viatu. Niliandika: "Mshairi anatishia kuingia kwa nguvu."

Hapo nilikosea, na ni kosa ambalo mimi mwenyewe humkata mwanafunzi nusu alama. Anayesema ndani ya shairi huitwa nafsineni. Mshairi ni mtu mwingine, ana jina na kitambulisho. Niliandika haraka kwa sababu daftari arobaini zilikuwa zinaningoja.

Mnamo Jumamosi tarehe 12 Julai, saa nane mchana, Musau alikamatwa akiwa anaosha gari. Mimi nilijua Jumapili baada ya ibada, mzazi mmoja aliponionyesha habari hiyo kwenye simu. Leo ni siku ya nne yuko seli. Karatasi niliyoonyeshwa hapa kama ushahidi wa uchochezi ni mwandiko wangu, picha iliyotolewa kwenye kundi lile la wazazi. Hakuna aliyenipigia simu kabla ya leo kuniuliza nilimaanisha nini. Nimekasirika, na nimemwambia Koplo aandike hivyo hivyo.

Leo saa tatu na nusu, kwenye geti la kituo, mama yake Musau, Kalondu, alinishika mkono. "Mwalimu, sema tu ni wimbo ya chakula," akaniambia. "Ukisema ni maandamano, umenifungia mtoto."

Nilipoingia Koplo aliniuliza: "Madam, hii wimbo ni ya maandamano, ndio ama la?"

Jibu langu ni ndio. Mama Musau anisamehe. Siwezi kusimama Jumatano mbele ya watoto arobaini niwaambie eti kijana aliimba habari za ugali. Wimbo ni wa vijana wenye vyeti, wamesimama nje wakiangalia watu wazima wanavyokula, na wakitembea barabarani kuuliza zamu yao ni lini wanakimbizwa. Ruiru nzima inajua hivyo, na Koplo pia anajua. Kuimba jambo ambalo kila mtu analiona kumekuwa kosa lini?

Kuhusu viatu: nyumba nyingi hapa kwetu mtu huvua viatu mlangoni. Anayeingia navyo amechoka kungoja kukaribishwa. Hana rungu wala jiwe, ana matope tu. Mwenye nyumba atapiga kelele juu ya zulia lake, na ana haki, lakini haiti polisi.

Kurasa zilikuwa mbili. Kwenye jalada nimeonyeshwa mmoja. Wa pili una swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote: nafsineni anataka nini? Niliandika: "Anataka kuambiwa karibu, avue viatu, aketi." Nimekuja nao, ule wenyewe wa mkono. Mtu anayesoma nusu ya jibu halafu anamfunga mwenzake, mimi ningemrudisha kidato cha kwanza.

Sijatishwa wala kuahidiwa chochote. Nimesomewa niliyoyasema, nikasahihisha mahali patatu palipoandikwa "mtuhumiwa anasema", nikaweka "nafsineni anasema". Neno lililomfikisha Musau seli niliandika mimi. Kama kuna wa kufungwa kwa neno hilo, niko hapa, na mfuko wangu wa daftari uko hapa.

Sahihi: R. W. Gathogo

Maoni ya afisa: Maelezo yaliisha saa tano na dakika ishirini asubuhi. Shahidi alikataa kalamu ya kituo, akatia sahihi kwa kalamu yake nyekundu. Aliomba kusahihisha neno "mshairi" kwenye kielelezo; nilimkatalia. Ukurasa wa pili nimeupokea na kuuambatisha. Haukuwa kwenye jalada, na hakuna aliyekuwa ameuomba.

Koplo Absalom Njau