Vitambaa vya Makochi ya Didia

Didia, 22 Septemba 2024

Mwanangu Vumilia,

Habari za Rwamgasa na vumbi lake? Mjukuu wangu Mariana hajambo? Sisi huku wazima, ila magoti yanatangaza mvua kabla ya mawingu. Simu yangu siku hizi ukipiga nasikia mkoromo tu, ndiyo maana barua hii nampa kondakta wa basi la Geita.

Luka ameniletea makochi. Makochi, mwanangu! Amesema duara lao, lile shimo wanalochimba, limetema dhahabu, na Krismasi atakuleta hapa rasmi kama mkewe, kisha wazee wapeleke ng'ombe kwa baba yako huko Kagongwa. Mmekaa miaka yote hiyo bila hata ndama kwenda kwenu, nami nimekuwa nikiona aibu kwa niaba yake. Sasa makochi yako uchi. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano ya kufumia. Nifumie vitambaa vya migongo, vya mikono na cha meza. Rangi chagua wewe, sherehe ni yako.

Mama yako,
Bibi Mariana

*

Rwamgasa, 6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima. Mariana anakusalimu, ameng'oka jino la mbele na anacheka kama kizee.

Wabeja sana, mayu, asante mama yangu. Barua yako niliisoma nikiwa jikoni nikaunguza maharage ya wachimbaji, wakanipigia kelele, sikujali. Nimenunua nyuzi nyeupe na za rangi ya damu ya mzee. Nikishawapakulia chakula cha mchana nanawa kwa ndimu mikono isinuke kitunguu, ndipo nashika sindano. Jirani yangu Sesilia ananitania kwamba bibi harusi gani ana mtoto wa miaka mitano. Namwambia ndiye atakayebeba maua.

Kile kitambaa cha kochi kubwa nitakiandika katikati: LUKA NA VUMILIA. Watu wa Didia wasome.

Mkweo,
Mama Mariana

*

Didia, 10 Novemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mtoto je? Mimi sijambo sana. Mvua imeanza, tunalima.

Nimechelewa kujibu, kazi za shamba. Kuhusu vitambaa, usiandike majina. Andika KARIBUNI WAGENI, inatosha. Majina siku hizi wanaona ni ushamba. Ila fanya haraka, nivipate kabla ya katikati ya Desemba, maana wageni watakuwa wengi. Na kitambaa cha meza kifanye kipana.

Mwambie Mariana bibi yake anampenda.

Mama yako,
Bibi Mariana

*

Rwamgasa, 8 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi tunapumua.

Vitambaa hivi hapa, vyote, nimevipiga pasi kwa mkaa. Jina langu lilikuwa limeshakamilika, nikalifumua. Sikufichi, liliniuma. Lakini wewe ndiye mwenye nyumba.

Mama, nisaidie kuelewa. Luka anakuja hapa kubadili nguo tu, halafu anarudi kwenye karasha ya kusagia mawe. Nikimuuliza safari, anasema nisifunge mizigo mpaka aniambie. Baba yangu naye anauliza wazee watafika siku gani, ili atafute wa kuwapokea. Nimjibu nini? Nauliza wewe kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya.

Mkweo,
Mama Mariana

*

Rwamgasa, 29 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sikupata jibu lako. Nimelipata kwenye simu ya Sesilia.

Amenionyesha picha za Krismasi yenu. Scolastika, binti wa mwenye karasha, amekaa kwenye kochi kubwa na gauni lake jeupe, ameegemea kitambaa changu. Luka pembeni. Wewe nyuma yao na kitenge kipya. Sesilia anasema ng'ombe walishapelekwa kwao tangu Novemba.

Novemba, mama! Mwezi ule ule uliniandikia nifanye haraka. Nimekaa hapa na vidole vimechubuka, nafuma pambo la harusi ya mwenzangu, nawe unanihimiza na kuagiza kitambaa cha meza kiwe kipana. Luka ni mwanamume, amepata, ameota mapembe, hao nawajua, nawapikia kila siku. Wewe je? Ulikuwa unaniita mwanangu.

Nina hasira na wewe kuliko na yeye.

Vumilia

*

Didia, 12 Januari 2025

Mwanangu Vumilia,

Nakusalimu. Najua hutaki salamu zangu, ila Mariana namuulizia, hajambo?

Ulipoanza kufuma, sherehe ilikuwa yako kweli. Naapa. Luka alibadilika baadaye, nami nikaambiwa ninyamaze. Nyumba hii ameijenga yeye, bati ni lake, unga ninaokula ni wake. Ningesema nini? Na ningekueleza, usingemalizia, na wageni wangekuta makochi matupu. Niliogopa aibu. Basi nimesema.

Sasa jambo moja. Luka anataka Mariana alelewe hapa kwao. Scolastika amekubali. Mimi nimeshamtandikia kitanda chumbani kwangu. Mtoto huyu ndiye furaha yangu iliyobaki, usininyime. Mlete, au nitamtuma Luka amfuate.

Mama yako,
Bibi Mariana

*

Kagongwa, 2 Februari 2025

Shikamoo.

Sisi wazima. Nimerudi kwa baba yangu, na Luka asihangaike kwenda Rwamgasa.

Mtoto siwapi. Ng'ombe wa Luka wamekwenda kwa kina Scolastika, basi watakaozaliwa na Scolastika ndio wenu. Mariana hamkumtolea hata kwato, na mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa kwao mama yake. Baba amewaita wazee wa hapa, wakasema lile lile ambalo hata wazee wa Didia watawaambia. Luka akija, aje na hao wazee, wasikie pamoja.

Nimeshamwandikisha shule. Anaitwa Mariana Selestine, jina la baba yangu.

Wiki ya kwanza alikuulizia kila siku. Jana aliuliza tena bibi yuko wapi. Nikamwonyesha mama yangu, alikuwa uani anachambua maharage. Akaenda, akakaa naye.

Mama Mariana